Mwizi wa Upepo

Kila asubuhi Dobi aliamka kabla ya mkewe. Alibandika maji jikoni, kisha akaenda sebuleni kuitazama baiskeli yake. Baiskeli ile ililala ndani kama mtu wa nyumbani. Ilikuwa na keria pana ya chuma, na juu yake Dobi alifunga mabunda ya nguo alizofua na kuzipiga pasi: sare za wauguzi, mashuka ya zahanati, mashati ya walimu. Nguo hizo ndizo zilizoilisha nyumba. Zikichelewa, muuguzi anaingia kazini na sare ya jana, na zahanati inatafuta dobi mwingine. Madobi hawakosekani.

Asubuhi hiyo Dobi alilibonyeza tairi la nyuma kwa kidole gumba. Kidole kikazama.

"Tena!" alifoka. "Mama watoto, njoo uone! Tena!"

Mkewe alitoka chumbani akifunga kitambaa cha kichwa. "Kuna nini, baba watoto?"

"Upepo umetolewa."

"Umetolewa, au umetoka?"

"Umetolewa! Upepo hauna miguu."

Kwenye godoro karibu na baiskeli, kijana mmoja aliinuka, akakaa. Alikuwa mdogo wake mke wa Dobi. Mtaani walimwita Ngongoti, kwa sababu ya urefu wake: miguu ilichungulia nje ya kila godoro. Zamani alifanya kazi kiwanda cha sabuni. Kiwanda kikafungwa. Wafanyakazi wakaambiwa waende nyumbani wasubiri kuitwa. Walisubiri. Wengine wamezeeka wakisubiri.

"Shemeji, mbona unanitazama mimi?" aliuliza Ngongoti.

"Namtazama aliyelala hapa."

"Nimelala hapa kwa sababu ndipo uliponionyesha."

Dobi alichukua kichupa kidogo cha chuma kutoka kwenye boksi, akakifunga kwenye kifaa chake cha kujazia, akakibana kwenye valvu. Fyuu! Tairi likajaa mara moja. Alifunga mabunda yake, akaondoka bila kunywa chai.

Vichupa vile Dobi alivinunua kwa mchuuzi wa njia panda. Siku ya kwanza alikuwa amepata pancha njiani, mvua inanyesha, mashuka yako mgongoni mwa baiskeli. Aliziba tundu kwa kiraka. Mchuuzi akamwonyesha kichupa, kirefu kama kidole cha kati, kimeshindiliwa gesi.

"Pampu ni ya babu yako," mchuuzi alimwambia. "Na babu yako yuko wapi?"

Dobi alicheka, akanunua. Tangu siku hiyo hakugusa pampu. Na tangu siku hiyo, kila alipolijaza tairi la nyuma, kesho yake alilikuta limelegea. Akiliacha siku ya pili, lilikuwa chapati kabisa.

Msidhani Dobi alikuwa mjinga. Aliitoa tyubu, akaijaza, akaizamisha kwenye beseni lake la kufulia. Aliigeuza polepole, pande zote. Tyubu yenye tundu hutoa mapovu majini. Ile haikutoa hata povu moja. Kiraka kilikuwa kizima. Valvu ilikuwa nzima.

"Maji hayasemi uongo," alimwambia mkewe. "Tyubu haina tundu. Basi kuna mkono wa mtu."

"Mkono wa nani?"

"Juzi ndugu yako aliniomba baiskeli akatafute kazi. Nikamwambia baiskeli ni kama mswaki, haiazimwi. Akanuna. Unataka nikwambie zaidi?"

"Kununa si kosa. Hata wewe umenuna sasa hivi."

Lakini neno likishaingia moyoni halikosi mlango wa kutokea. Siku moja zahanati ilimnyima Dobi kazi ya mashuka, kwa sababu alichelewa. Alirudi amefura kwa hasira. Alimkuta Ngongoti uani, penye bomba, majirani wamepanga ndoo.

"Mwizi wa upepo wee!" Dobi alipiga kelele. "Unakula kwangu, unalala kwangu, halafu unanikatia riziki! Jumatatu asubuhi nisikuone hapa."

Ndoo zilinyamaza. Ngongoti aliweka yake chini, akaingia ndani.

Mkewe Dobi alikuwa katikati. Huku mume, huku damu yake. Hakulia. Alituma ujumbe kwa shangazi yake Dobi.

Shangazi alikuja Jumamosi. Alikuja kwa baiskeli, nywele mvi, mgongo umenyooka. Kwa miaka mingi alikuwa akisambaza magazeti mjini, mlango kwa mlango, alfajiri hata jua kuchwa. Kabla hajaketi aliuliza:

"Mwanangu, huyu kijana ana kosa gani?"

"Ananitolea upepo, shangazi."

"Ulimwona?"

"Sikumwona."

"Ulimsikia? Valvu ikifunguliwa inalia kama nyoka."

"Mimi nikilala ni gogo."

Shangazi akamgeukia mke. "Na wewe, mkwe wangu?"

"Mimi namsikia hata panya akifikiri," alisema mke. "Sijasikia kitu."

Shangazi alizunguka chumba. Karibu na pasi ya mkaa aliona lile boksi la vichupa. Alilinyanyua haraka, akaliweka mbali.

"Nani kaviweka hivi karibu na moto? Humu kuna gesi iliyobanwa. Kikipata joto kali kinaweza kupasuka, na kipande cha chuma hakichagui jicho la nani."

"Huo ni upepo wa kisasa," alisema Dobi.

"Huu si upepo. Hii ni gesi ya kaboni. Ndiyo inayotoa mapovu kwenye soda. Kila mtu anaitoa puani akipumua. Sasa niambie: ulianza kutumia vichupa hivi lini?"

"Nilipopata pancha."

"Na upepo ulianza kuibwa lini?"

Dobi alihesabu siku kwa vidole. Kisha akasema, "Lakini tyubu niliitia majini, shangazi. Haina tundu."

"Ni kweli, haina. Ukifunga kitunguu kilichokatwa ndani ya mfuko wa nailoni, ukaukaza barabara, kesho harufu iko wapi?"

"Imejaa nyumba nzima," mke alidakia.

"Na mfuko una tundu?"

"Hauna."

"Basi ndivyo ilivyo. Gesi hii inapenya kwenye mpira wenyewe, kidogo kidogo, kila mahali. Upepo wa kawaida nao unapenya, lakini taratibu sana. Hii ina haraka. Kwa kuwa haitoki mahali pamoja, majini huoni povu. Usiku mmoja tairi linalegea. Siku mbili, limekwisha."

"Na la mbele, mbona halilegei?"

"La mbele ulilijaza kwa kitu gani?"

"Kwa pampu, kabla sijanunua vichupa."

Shangazi akamtazama tu.

Dobi alikuwa mkaidi. Alisema, "Shangazi, unamtetea shemeji yangu. Umemwonea huruma."

"Simtetei mtu. Tupime, kisha baiskeli yenyewe iseme. Pampu yako iko wapi?"

Pampu ilikuwa nyuma ya mlango, imejaa vumbi. Dobi aliisukuma. Ilipumua kama mzee mwenye pumu, upepo haukuja.

"Unaona? Mbovu!"

"Imekauka," alisema Shangazi. Aliifungua, akavuta fimbo yake nje. Mwishoni palikuwa na kipande cha ngozi cha mviringo, kigumu kama ganda. Alikidondoshea mafuta ya kupikia, akakikanda kwa vidole mpaka kikalainika. Akairudisha. "Haya, Ngongoti, mikono yako mirefu ifanye kazi."

Walitoa gesi yote kwenye tairi la nyuma. Ngongoti akalijaza kwa pampu. Jasho lilimtoka, lakini tairi likawa gumu.

"Sasa la mbele," alisema Shangazi. "Lile ambalo halijawahi kukusumbua. Litoe upepo, ulijaze kwa kichupa."

Dobi alikibana kichupa kwa mkono mtupu. Fyuu! Akaruka. "Ayaa! Kila siku kinaniunguza kwa baridi hivi!"

"Gesi ikitoka kwa kasi, chuma kinaganda. Unakishika kwa kitambaa, mwanangu. Mchuuzi hakukwambia?"

"Hakuniambia."

"Hakukwambia. Aliyekuuzia cha leo anangoja kukuuzia cha kesho, kwa nini akwambie? Zamani baiskeli ilitoka dukani na pampu yake imebanwa kwenye fremu. Wakaiondoa pampu. Bei hawakuiondoa. Na sisi tuliona, tukanyamaza." Shangazi alifuta mikono yake kwa hasira. "Haya. Ingiza baiskeli chumbani kwako. Funga mlango. Ufunguo ukae nao wewe. Usiiguse mpaka Jumatatu."

Shangazi alibaki nao. Jumapili ilikuwa ndefu. Dobi alilala na ufunguo mfukoni. Ngongoti alikunja nguo zake moja moja, akazitia begini. Dada yake alimpa chakula, akashindwa kumtazama usoni.

Jumatatu asubuhi begi lilikuwa mlangoni. Wote wanne walisimama. Dobi aliileta baiskeli sebuleni kwa mkono wake mwenyewe. Alilibonyeza tairi la nyuma, lile lililoibiwa kila siku.

Gumu kama jiwe.

Alilibonyeza la mbele. Kidole kikazama.

Alibonyeza tena, kana kwamba kidole kimekosea. Kikazama tena. Dobi alishusha pumzi ndefu, mabega yakashuka nayo. Tangu mkosi ule uanze alikuwa hajapumua hivyo. Hakukuwa na adui ndani ya nyumba yake. Hakuwahi kuwapo.

"Shemeji," alisema, "nisamehe."

Ngongoti alitaka kujibu. Shangazi akainua mkono.

"Si hapa. Lile neno ulilisemea wapi?"

"Uani."

"Basi kalitoe uani."

Penye bomba majirani walikuwa wamepanga ndoo kama kawaida. Dobi alisimama mbele yao. Alikohoa.

"Jamani, nisikilizeni. Nilimwita shemeji yangu mwizi. Hakuiba kitu. Mimi ndiye niliyemwibia, nilimwibia jina lake. Leo namrudishia mbele yenu."

Mama mmoja mwenye ndoo nyekundu akauliza, "Sasa upepo uliibwa na nani?"

"Na mpira wenyewe!"

Ua mzima uliangua kicheko. Ngongoti naye alicheka, macho yamejaa machozi.

"Nimekusamehe, shemeji," alisema. "Lakini niambie ukweli. Ule mswaki, sasa utaazimwa?"

"Utaazimwa! Hata leo!"

Dada yake hakungoja zaidi. Alilibeba lile begi, akamwaga nguo zote kwenye beseni. "Hizi zimechakaa kwa kukunjwa na uchungu," alisema. "Zifuliwe. Na watakaofua ni nyinyi wawili."

Walipokuwa wakifua, Dobi alimuuliza Shangazi, "Vile vichupa vilivyobaki nivitupe?"

"Kwa nini uvitupe? Kila kitu na kazi yake. Ukipata pancha barabarani, mvua inanyesha, zahanati inakungoja, kichupa kitakuokoa. Lakini kwanza toa mwiba, ziba tundu. Ukisahau, gesi yote inatokea palepale, na kichupa hakijazwi tena. Kinakupa nafasi moja tu. Ukifika nyumbani, itoe gesi yote, ujaze upepo kwa pampu."

"Na kazi za kila siku?"

"Pampu. Inachosha mkono, sikatai. Lakini haiishi, haingoji mchuuzi, na ikikauka unaipa tone la mafuta. Usitoke nyumbani bila pampu. Kichupa kiwe cha dharura."

Alasiri ile Dobi na Ngongoti walikwenda njia panda. Mchuuzi aliwapokea kwa tabasamu.

"Karibu, mteja wangu! Niongeze vingapi?"

"Mbona hukuniambia kwamba gesi hii hailali kwenye tairi?"

"Hukuuliza."

Hukuuliza! Ndilo jibu lao, jana na leo. Mtu ataulizaje asilolijua?

"Nilikaribia kumfukuza ndugu yangu kwa sababu ya kimya chako," alisema Dobi. "Uza, sikukatazi. Lakini sema. Usiposema wewe, nitasema mimi."

Na alisema. Kila aliyesimama penye meza ile kununua kichupa, Dobi alimweleza: hiki ni cha njiani, ukifika nyumbani tumia pampu, kishike kwa kitambaa, kiweke mbali na moto. Mchuuzi alinung'unika. Lakini wiki iliyofuata pampu za mkono zilionekana kwenye meza yake, zimepangwa mbele.

Ngongoti aliazima baiskeli, akazunguka mji, akapata kazi ya kupakia mizigo ghalani. Zahanati ilimrudishia Dobi kazi ya mashuka.

Asubuhi moja Dobi alilibonyeza tairi la nyuma, kidole kikazama. Tairi lile lilikuwa limejazwa kwa pampu. Mkewe alishika kikombe bila kunywa. Ngongoti aliinua kichwa kutoka kwenye godoro.

Zamani Dobi angeuliza: nani?

"Kuna nini humu?" alisema. "Shemeji, lete beseni."

Waliizamisha tyubu pamoja. Mapovu yalitoka mahali pamoja, mfululizo. Walipapasa ndani ya tairi kwa uangalifu wakakuta kipande cha waya, kidogo kama ukucha wa mtoto. Wakakichomoa. Dobi alibandika kiraka, Ngongoti akapiga pampu, na sare zikafika zahanati kabla wauguzi hawajapokezana zamu.