Mama Mkwe Kaondoka na Mwanangu wa Siku Ishirini na Tatu

Nilirudi kutoka duka la dawa nikakuta kitanda kitupu.

Neti imefunuliwa. Blanketi la bluu halipo. Niligusa godoro pale anapolala, bado lina joto lake.

Mtoto wa siku ishirini na tatu haendi popote kwa miguu yake, wapendwa.

"Mama Joha, mtoto yuko wapi?"

Mama Joha ni jirani yangu. Tumepanga nyumba moja huku Msalato, Dodoma, mlango kwa mlango. Ndiye niliyemwachia Ebenezer nikimbilie dawa yake ya mafua. Nilimwambia maneno mawili tu: mtoto asishikwe na bibi yake.

"Mama mkwe wako kamchukua."

"Kamchukua vipi?"

"Kanipokonya mikononi. Nikamwambia, Mama Ebe kasema usimshike. Kanijibu, mwambie Mama Ebe aje anipige. Kapanda bajaji."

"Kaelekea wapi?"

Mama Joha akashusha sauti.

"Mimi sijui... Ila jana nilimwona anamchungulia mtoto kooni na tochi ya simu. Na mimi, sikufichi, nilimwambia kuna mzee kule Hombolo anakata vimeo. Wangu watatu wote kawakata, na wako wazima."

Nikakaa palepale chini mlangoni.

Kama hujawahi kuishi kwetu huku, nikueleze. Mtoto akikohoa sana, wapo watu wanaoamini shida ni kile kinyama kinachoning'inia kooni, kimeo. Wanampeleka kwa mzee, anakikata. Kisu kilekile, watoto wote. Na wangu hata shingo yake mwenyewe alikuwa haiwezi.

Sasa nirudi nyuma kidogo mnielewe.

Mimi naitwa Restuta. Nilizaa nikiwa nasoma masomo ya jioni, natafuta cheti cha kidato cha nne nilichokikosa nikiwa msichana. Kliniki walitufundisha vizuri, na mimi ni mtu wa daftari, niliandika. Msimu huu wa kipupwe virusi vya mafua vinazunguka. Mtu mzima anapiga chafya mbili anaendelea na shughuli zake, lakini mtoto mchanga vinamshukia kifuani na anaweza kushindwa kupumua. Mwenye mafua asimkaribie. Mikono ioshwe. Mtoto asibusiwebusiwe.

Kwangu hiyo ikawa sheria. Wageni waliishia uani. Mchungaji mwenyewe alimwombea mtoto akiwa dirishani.

Mama mkwe, Mama Yudith, alikuja Jumapili kutoka Mvumi na unga wa uwele na mlenda mkavu, kunihudumia uzazi. Nilimpenda siku tatu. Jumanne mtoto akaanza chafya. Jumatano yeye akaanza kukohoa.

Nikamwambia, "Mama, naomba usimguse tena mtoto."

"Sawa, mkwe."

"Na ulale sebuleni."

"Sawa."

"Na kikombe chako kiwe chako peke yako."

Akanitazama. "Na sahani je? Nikale na kuku?"

Mama Joha alicheka. Mimi sikucheka. Nilisema kwa sauti, watu wa uani wote wakisikia, kwamba kuna wanaotoka vijijini kwao na magonjwa wakidhani wameleta zawadi.

Ndiyo, nilisema hivyo. Kwa mama wa mume wangu.

Kwa hiyo siku ile ya Ijumaa, nimekaa chini mlangoni, nilijua kabisa ananilipizia. Nilimpigia mume wangu, Octavian. Yeye ni fundi nondo, alikuwa kazini.

"Mama yako kaondoka na mtoto. Kampeleka kukatwa kimeo."

"Mama? Hapana. Mama hawezi."

"Mpigie basi."

Akampigia, kisha akanirudia. Haipatikani. Nilimsikia akivuta pumzi.

"Nakuja," akasema.

Nilitoka barabarani bila viatu. Nilikuwa nimeshasimamisha bodaboda ya Hombolo, mguu mmoja uko juu, simu ikaita. Namba ngeni.

"Wewe ni mama wa Ebenezer?"

"Ndiyo..."

"Mimi ni muuguzi, wodi ya watoto. Njoo hospitali. Njoo sasa hivi, mama."

Akanitajia hospitali, nikampa Octavian taarifa. Sikumbuki njia.

Nilimkuta mama mkwe nje ya wodi, kwenye benchi, kitenge kimemziba pua na mdomo. Simu yake imezima chaji mapajani. Alinyanyuka aseme neno, mimi nikamtangulia.

"Umeniulia mtoto."

Benchi zima liligeuka. Yeye akaonyesha mlango kwa kidole.

"Ingia kwanza. Yuko ndani."

Niliingia.

Sijui niandike nini hapa. Mtoto alikuwa na mpira wa oksijeni puani, na mwingine mwembamba umeshushwa mpaka tumboni. Kila akivuta hewa, ngozi ya chini ya mbavu inazama ndani. Hakulia. Ningefurahi sana angelia.

"Bibi yake kamwokoa," Sista Angelina alisema, ndiye muuguzi aliyenipigia. "Kaingia hapa akisema mtoto anahema kama mbwa wa juani, ziwa halivuti, na midomo inabadilika rangi. Saa moja zaidi tungeongea mengine."

"Mpeni dawa basi, Sista. Sindano. Chochote."

"Kirusi hiki hakina dawa ya kukiua, mama. Tunamsaidia kuhema, tunamlisha kwa mpira, mwili wake upigane wenyewe."

"Na mimi nifanye nini?"

"Kamua maziwa. Na usubiri."

Wapendwa, hakuna neno baya kama hilo la mwisho.

Sista akachukua faili.

"Mafua yalimwanza lini?"

"Jumanne. Kaambukizwa na bibi yake."

"Bibi alianza lini kukohoa?"

"Jumatano."

Kalamu ikasimama.

"Bibi alifika kwenu lini?"

"Jumapili."

"Akiwa mgonjwa?"

Nikamwona tena mama mkwe akishuka na kiroba cha unga, anaimba, sauti safi.

"Akiwa mzima," nikasema.

"Na wewe, mbona unaongelea puani?"

"Hili ni vumbi tu, Sista. Si unajua upepo wa Dodoma miezi hii."

"Lilikuanza lini hilo vumbi?"

"Jumamosi."

Sista Angelina alifungua droo, akatoa barakoa, akanipa.

Nikabaki nayo mkononi.

Jumatano ya wiki iliyotangulia nilikwenda darasani. Mtoto ana wiki mbili, lakini kulikuwa na mtihani wa majaribio wa hisabati na nilijiambia ni masaa mawili tu. Madirisha yote tuliyafunga kwa sababu ya upepo. Kaka mmoja, Castory, alikaa ubavuni kwangu anakohoa juu ya karatasi yangu, anasema, "Vumbi hili litatumaliza." Darasa zima linavuta kamasi, na kila mtu anasema vumbi. Huku kwetu kuanzia Juni mpaka Agosti hakuna anayeumwa mafua. Wote tuna vumbi.

Nilirudi nyumbani nimemkumbuka mtoto mpaka maziwa yananitoka. Na kuanzia Jumamosi, pua ikichuruzika, niliendelea kumbusu. Mdomoni. Puani. Mimi niliyemfungia mchungaji mlango.

Mama mkwe hakuleta ugonjwa nyumbani kwangu. Aliukuta. Nilimpa mimi.

Sasa hapa ndipo mtanichukia.

Octavian alifika, ana simenti mpaka kwenye nyusi. Alimwangalia mtoto, akageuka ukutani. Kisha akauliza, "Ni mama?"

Ilikuwa nafasi yangu. Neno moja tu.

Nikanyamaza.

Akatoka nje. Nilimsikia kupitia mlango.

"Mama, rudi Mvumi. Naomba. Kabla sijakosa adabu."

"Sawa, baba. Mtoto anahemaje?"

"Rudi tu, mama."

Akaondoka na kikohozi chake, na mimi nikaendelea kukamua maziwa kwenye kikombe, machozi yanadondokea humohumo.

Jumamosi mtoto hakubadilika. Daktari akipita anasikiliza kifua, anaandika, anasema tusubiri. Niliomba. Nilihesabu pumzi zake mpaka nikachanganya namba. Nilimwahidi Mungu kwamba sitasoma tena, kana kwamba Mungu ana shida na hisabati yangu.

Jumapili mchana, watu wanatoka ibadani, Ebenezer aliacha kuhema.

Nilikuwa namwangalia. Kifua kilishuka, hakikupanda. Mama wa kitanda cha pili ndiye aliyeita. Sista akaja mbio, akamgonga nyayo, akambana kifaa cha kupulizia hewa usoni, akaminya. Akaminya tena. Mimi nimesimama pale, mama mzima, nimeshika soksi moja.

Akavuta. Kidogo. Kisha tena.

Nilitoka kwenye korido, nikampigia mama mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Anahema?"

"Anahema. Mama... si wewe. Ni mimi. Nilikuwa na mafua kabla hujafika, nikasema vumbi. Hata wewe nimekuambukiza mimi. Octavian hajui, nilinyamaza akakufukuza."

Nilimsikia akivuta kiti.

"Mkwe, nilijua."

"Ulijua?"

"Nimeshuka Jumapili nimekuta pua yako kama nyanya. Mimi si mtoto."

"Sasa kwa nini hukusema, mama? Nakutukana mbele za watu, umenyamaza. Mwanao anakufukuza, umenyamaza."

"Ulikuwa unanyonyesha. Kwetu mwenye maziwa hagombezwi, yatakatika. Nikasema nitakusema mtoto akishafika miezi sita." Akakohoa. "Hapo nilikosea. Ningekuambia siku ileile uzibe mdomo, labda tusingefika huku. Nimeliwaza hilo tangu juzi."

"Na kooni ulikuwa unamchungulia nini?"

"Nilikuwa naangalia kama amekauka mdomo. Kimeo sikati mimi. Nilikatiwa mtoto mmoja, kabla ya Octavian. Sikurudi naye."

Sikujua hilo. Octavian naye hakulijua.

Nilimwita mume wangu, nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Hakunipiga, hakunitukana. Alikwenda kukaa kwenye lile benchi aliloketi mama yake, akakaa muda mrefu. Kesho yake asubuhi akaenda Mvumi kumchukua.

Ebenezer alikaa na oksijeni siku sita. Leo ana miezi miwili, yuko nyumbani, ananyonya. Daktari anasema kifua kinaweza kumsumbua msimu mwingine, hakuna anayejua. Kwa hiyo bado nalala nusu. Nasikiliza.

Wewe unayesoma na kichanga pembeni: usilinde mlango ukasahau pua yako. Ukipata mafua, hata uyaite vumbi, vaa barakoa, nawa mikono, endelea kumnyonyesha, mabusu yasubiri. Na mtoto akihema harakaharaka, mbavu zikizama, akikataa ziwa, usiende duka la dawa kama mimi. Mpeleke hospitali. Hata kama anayekwambia ni mtu uliyegombana naye.

Mama mkwe bado yuko hapa kwangu. Juzi nilipiga magoti tena kumwomba msamaha, akaniambia niinuke, ugali unaungua.

"Lakini umenisamehe, mama?"

"Umenipa mafua na matusi wiki moja," akasema, huku anampakata mjukuu wake, kitenge mdomoni. "Mafua yamepona. Hayo mengine nipe muda."