Vichupa Vilivyoyeyuka

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alipitia kazini kwa shangazi yake. Jina hilo la utani alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Shangazi alikuwa mtafiti wa maabara, na Chiriku aliruhusiwa kukaa kwenye ofisi ndogo tu, afanye kazi zake za shule hadi saa kumi na moja. Sharti lilikuwa moja: asiguse friza iliyokuwa kwenye korido.

Siku hiyo jua lilikuwa kali, na maji yake ya kunywa yalikuwa vuguvugu. Shangazi alikuwa mkutanoni.

"Dakika tano tu, nani ataniona?" alijiambia.

Friza ilijaa pomoni. Akatoa kijisanduku chenye vichupa vidogo, akakiweka juu ya friza, akatia ndani chupa yake ya maji, kisha akarudi kwenye hesabu. Hesabu zikamtoa jasho, akasahau kila kitu.

Alipokumbuka, saa nzima ilikuwa imepita. Lo! Barafu ndani ya vichupa ilikuwa maji matupu. Akavirudisha mbiombio, akachukua chupa yake, asimwambie mtu. Alijua vitaganda tena, na hakuna atakayeona tofauti.

Kesho yake darasani hakusikia hata neno moja la mwalimu. Alipofika maabara, alisimama mlangoni. Shangazi alikuwa amevaa glavu, na vichupa vilevile vimepangwa kwenye bakuli la barafu. Kando yake alisimama mkuu wa maabara, mzee wa miraba minne asiyecheka ovyo.

"Shikamooni," alisema Chiriku.

"Marahaba. Mbona leo umepoa hivyo?" shangazi aliuliza.

"Shangazi, hivyo vichupa ni vya nini?"

"Humu mna kimeng'enya kiitwacho kinasi. Tuliwapa bakteria maelekezo ya kukitengeneza, yaliyotoka mwili wa binadamu, wakatutengenezea. Kwenye seli zetu kinafanya kazi kama swichi. Kikikataa kuzimika, seli huzaana ovyo, na saratani huweza kuanza. Leo tunajaribu dawa ya kukizima."

"Na kikiyeyuka?"

"Kikikaa kwenye joto huharibika, kisifanye kazi tena. Halafu tutadhani dawa ndiyo imekizima, tushangilie bure, kumbe mgonjwa hana tiba."

Chiriku aliogopa kufukuzwa. Aliogopa zaidi kumwaibisha shangazi mbele ya mkuu wake. Shangazi akanyanyua kichupa cha kwanza.

"Usikitumie, shangazi!" Chiriku akaangua kilio, akaeleza yote bila kuficha.

Shangazi alikishusha kichupa taratibu. Machozi yalimlenga.

"Wiki sita za kazi," alisema. "Wiki sita, mwanangu!"

"Nisamehe, shangazi. Adhabu yoyote nitaikubali."

Mkuu alisogea. Chiriku akajikunyata.

"Mwezi mzima hutakanyaga hapa," alisema mzee. "Na sisi tutatia friza kufuli, maana kosa ni letu pia." Kisha akainama, macho yao yakalingana. "Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ungenyamaza, tungewapa wagonjwa matumaini ya uongo. Kimeng'enya tutatengeneza kingine. Kosa likisemwa mapema hurekebishika, hata kama linauma kulisema. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mzee."

Shangazi alivua glavu, akamfuta machozi, kisha akavitupa vichupa vyote kwenye pipa la taka za maabara.