Mstari wa Mia Nne na Kumi na Mbili

Simu ilitetemeka saa sita na dakika thelathini na tano mchana.

"Sindano."

"Nakusikia, Mkuu."

"Tumemkamata mmoja wa wapokeaji wa lile genge la magendo. Ujumbe wanauchomoa kwenye taarifa ya habari ya saa saba, umefichwa chini ya sauti ya msomaji. Leo wanavusha bunduki. Wataambiwa kivuko kipi hakina doria."

Wiki iliyopita walizika askari wawili waliouawa kwa bunduki zilizovushwa kwa njia hiyohiyo.

"Nizime matangazo?"

"Ukizima watashtuka. Tafuta ujumbe unakotoka."

Muda si mrefu alikuwa anapanda ngazi za kituo cha redio mbilimbili, bastola ya Glock 19 ikimgonga ubavuni. Hakuhitaji kuelekezwa. Mume wake alikuwa fundi mkuu wa mitambo ya sauti pale kwa miaka tisa.

Chumba cha mitambo kilikuwa kitupu.

Kwenye skrini moja kulikuwa na programu ya zamani ya kurushia matangazo: visanduku zaidi ya mia mbili vimeunganishwa kwa mistari ya rangi, kila kisanduku kina vingine tumboni. Kuvifungua kimoja kimoja kungemchukua wiki.

Mume wake aliichukia picha ile. Mwaka mzima alikaa mezani nyumbani akiiandika upya programu nzima kwa maandishi matupu, Sindano akimtania kwamba ameoa kibodi.

"Picha inakuonyesha nini kimeungana na nini," alimwambia siku moja, chai ikimpoa. "Maandishi yanakuambia nani kagusa, kagusa wapi, na lini. Hayamsitiri mtu."

Skrini ya pili ilionyesha kwamba maandishi hayo yamewekwa hewani asubuhi ile.

Alifungua kumbukumbu za mabadiliko.

Badiliko moja tu. Mstari wa 412. Kivuko: 3.

Pembeni, jina la aliyeandika.

Alilisoma. Akalisoma tena. Lilikuwa la mumewe.

Juzi, wakikunja nguo pamoja, Sindano alikuwa amemdokeza kwamba kivuko cha tatu kitakosa doria. Alimwambia kwa sababu ni mume wake.

Mlango ulifunguka.

"Umeuona," mumewe alisema.

Bastola ilikuwa mkononi. Sindano hakukumbuka kuichomoa.

"Niambie si wewe."

"Waliniletea picha zako. Ukitoka nyumbani. Ukinunua mkate. Wakasema nichague. Nikakuchagua wewe."

"Na wale askari?"

"Waliniambia ni magendo ya sigara. Baada ya mazishi sikulala tena. Leo ningeweza kuficha ndani ya visanduku, usingeona maisha. Nimeandika peupe, kwa jina langu, ili uikute namba."

"Ungeniambia! Kazi yangu ni nini, mume wangu? Si ndiyo hii?"

Mumewe alitazama saa ya ukutani: saa saba kasoro dakika sita.

"Weka namba ya kivuko mnachotaka wao waende," alisema taratibu. "Mengine usiguse."

Sindano alibonyeza redio yake ya mawasiliano. "Mkuu, vijana wetu wako karibu na kivuko gani?"

"Cha saba."

"Wajifiche hapo."

Alifuta 3. Akaandika 7. Akahifadhi.

Saa saba kamili msomaji alianza na bei ya mafuta. Walisikiliza wakiwa wamesimama, hatua mbili kati yao, kama wageni kwenye lifti.

Saa nane kasoro robo redio ilikoroma.

"Sindano. Tumenasa malori mawili, watu tisa. Kwetu hakuna aliyeumia."

"Nimepokea."

Mumewe alinyoosha mikono mwenyewe. Sindano alimfunga pingu kwa ulegevu. Kisha akazikaza, kama inavyotakiwa.

"Nguo zako zimebaki kwa dobi," mume alisema. "Kesho wanafunga mapema."

"Nyamaza," alisema. "Tafadhali."

Chini, afisa wa zamu alikuwa na fomu juu ya boneti ya Land Cruiser. Aliuliza bila kuinua kichwa: "Uhusiano wowote na mtuhumiwa?"

"Mke."

Kalamu ilisimama. Afisa alipoinua macho, Sindano alikuwa amekwishavaa miwani ya jua, anavuka barabara bila haraka, mikono mfukoni, magari yakimpisha.

Alipokata kona, pasipo na anayemjua, alishika ukuta.

Akashusha pumzi. Akaendelea kutembea.