Simu Iliyopita Mlangoni

Nusra alimkuta Anas huko Balad, Jeddah, siku za kuelekea Idi, duka la vitambaa limefurika hata pa kutia mguu hapana. Kijana mzima, kanzu imenyooka, anamchagulia mamake nguo ya gauni, kumbe kashika kitambaa cha mapazia! Nusra hakuweza kujizuia, akamwambia, wakacheka wote. Walikuwa watoto wa Wazanzibari waliozaliwa hukohuko Saudia, na mwaka haukwisha posa ikaletwa.

Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Badriya, binti ami yake Nusra, naye alikuwa akimtaka Anas. Kwenye arusi za wanawake huko simu huachwa mlangoni, maana ndani watu wamevua mabaibui. Kwenye arusi moja Badriya aliacha simu moja, akaingia na ya pili. Akampiga Nusra picha akicheza, nywele wazi, gauni la kijani, mabega nje. Kisha ukaja ujumbe wake kwa Nusra: muache Anas, la sivyo picha hii wataiona wanaume wa ukoo mzima.

Nusra akamuacha bila kumwambia sababu. Anas akawa anapiga simu kutoka kazini Riyadh, asubuhi na jioni, hazipokelewi. Kila ikilia Nusra anaifunika kwa mto. Badriya alipomtaka amshawishi Anas amuoe yeye, Nusra akasema halas, yatosha, akamweleza babake yote. Mzee alilia, kisha akampeleka bintiye polisi kushtaki.

Mahakamani Badriya alikana. Ilikuwa mzaha baina yao, alisema, wala picha hakumtumia mtu mwingine. Ndipo Anas, aliyeitwa na polisi, akasimama kutoa ushahidi.

"Alinitumia mimi kwanza, kabla ya kumtisha Nusra, ili nimkatae," alisema. "Picha niliifuta. Ujumbe wake ninao."

Badriya alipatikana na hatia. Nusra hata hakusikia adhabu. Alimngoja Anas nje, babake kando.

"Ulijua tangu mwanzo?"

"Nilijua. Sikutaka kukutia haya. Uliponiacha nikadhani umesikia kwamba nimeiona."

"Na mie nilikuacha nisikutie haya wewe. Nimelia peke yangu muda wote huo, Anas."

Anas aliomba msamaha, akasema angependa kuleta posa upya. Nusra bado alimpenda, na hilo ndilo lililozidi kumkasirisha.

"Mwambie babako aje Ijumaa," alisema mwishowe. "Lakini ndani ya nyumba yangu, Anas, hatutastiriana kwa kunyamaziana."