Udongo Mweupe wa Kina Dorkas

Siku ya mnada Ikungi, mwaka 1974, Gasto aliokota bonge la udongo mweupe katika beseni la msichana mmoja, akalikamulia ndimu. Likatoa mapovu.

"Kaka, una mimba?" msichana akauliza. "Maana wanaokula udongo kwa ndimu nawajua."

Wanawake walicheka. Gasto, mpimaji wa udongo wa barabara, akaitazama suruali yake ya kaki iliyonyooshwa pasi, akacheka pia.

"Natafuta chokaa, dada. Unaitwa nani?"

"Dorkas. Huo ni wa kupakia kuta, si wa kuchezea."

Gauni la maua lilikuwa limemkaa vizuri mno. Gasto akawa mgeni wa kila wiki kijijini kwao, apime kama udongo ule unafaa kujengea barabara. Bila barabara, wajawazito wangeendelea kubebwa vitandani maili tisa hadi hospitali. Walipendana waziwazi, majirani wakachoka kusema.

Kisha Gasto akaandika ripoti: haufai. Habari zilipofika kijijini, Dorkas alimpigia simu ofisini kutoka posta.

"Ni wewe uliyeandika?"

"Mpenzi, nimeushindilia, nikauloweka siku nne, ukawa uji."

"Basi kaishi na uji wako!" Akakata.

Jumamosi Gasto alifika kwa baiskeli, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alimwamkia mama yake Dorkas shikamoo. Dorkas hakumkaribisha kiti.

"Umesimama juu ya nini?" akauliza kwa ukali.

Gasto akagonga sakafu kwa kisigino. Ngumu.

"Ni udongo uleule. Tunaumwagia maji, tunautwanga, halafu siku saba hakanyagi mtu mpaka ukauke. Wewe uliuacha ukauke siku ngapi?"

Gasto alitamani ardhi immeze. "Hata moja. Nimekosea, Dorkas."

"Usiniambie mimi. Kamwambie mkubwa wako."

Alikwenda, akaifuta ripoti yake mbele ya mkubwa aliyemfokea hadharani. Alipewa nusu maili tu ya majaribio. Kijiji kizima kikashindilia, kikaziba njia kwa miiba siku saba.

Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Asubuhi ya nne, lori lililojaa mahindi likapita pale. Dorkas aliinama kupima kina cha alama ya tairi kwa kidole. Haikufika hata ukucha. Akalia kwa furaha.

"Mpenzi, nataka kuleta posa," Gasto alisema.

"Mkubwa wako ameshakupa maili zilizobaki?"

"Bado."

"Zimalize kwanza. Wazee wako waje kwa gari mpaka mlangoni kwa mama."