Pinde Kumi na Mbili

Siku ya soko Tarime mjini hupiti bila kukanyagwa, na Mwalimu Honoratha alikanyagwa na mwanamume aliyebeba mzigo wa mbao begani. Viatu vyake vya michezo, vyeupe pe, vikapakwa tope.

"Kaka, una macho au una mbao tu?"

"Samahani, mwalimu."

"Nani kakwambia mimi mwalimu?"

"Filimbi shingoni, traksuti ya njano, na hiyo sauti. Nani mwingine?"

Honoratha alitaka kukasirika, akacheka. Alitoka Rombo mwaka jana kuja kufundisha michezo katika sekondari moja ya Susuni, na tangu afike alikuwa akitafuta fundi wa kumchongea pinde. Huyu aliitwa Mogesi, seremala, mrefu, shati lake la bluu limechakaa lakini limepigwa pasi. Akamweleza shida yake pale pale, katikati ya wauza dagaa.

Uso wa Mogesi ukabadilika. "Vitanda natengeneza. Meza natengeneza. Upinde, hapana. Baba yangu aliuawa kwa mshale koo mbili za huku zilipopigana."

"Mimi sifundishi vita. Nafundisha mtoto asimame wima, avute pumzi, atulie. Mshale wangu hauna chuma. Kichwani unawekwa mpira wa tairi."

Alikataa. Lakini namba ya simu alitoa, na Honoratha hakuwa mtu wa kukata tamaa.

"Fundi, bado unaogopa upinde?"

"Nakuogopa wewe, madam. Upinde haunipigii simu kila jioni."

"Basi usipokee."

"Nisipopokea nitalala vipi?"

Wiki ya tatu akachonga. Pinde kumi na mbili za mti wa mkole, laini kama mpini wa jembe la siku nyingi, akazileta kwa pikipiki yake. Tusifichane, kufikia hapo wanafunzi wote walijua. Pikipiki ikisikika tu, darasa zima linakohoa.

Kosa lilitokea Jumatano. Wanafunzi wa ng'ambo ya kijito huwahi kuondoka, maana mvua ikinyesha hawavuki. Ili asivuruge kipindi, Honoratha akawaweka timu moja, vitambaa vyekundu mikononi. Wa upande wa shule akawapa vya kijani. Magunia ya nyasi yakapangwa, filimbi ikalia, mishale ikaruka, na kila upande ukawa unapiga kelele kuushinda mwingine.

Mogesi alikuwa amekuja kutazama. Hakusema neno. Alipita kwa mwanafunzi mmoja mmoja, akachukua pinde zote, akazifunga kwenye pikipiki, akaondoka.

Honoratha alipiga simu siku mbili, haikupokelewa. Hasira zikampanda. Mwanamume gani anakuaibisha mbele ya wanafunzi? Kumbe alikuwa haoni fahari kumwona mwanamke akifundisha upinde! Ijumaa mkuu wa shule, Mwalimu Melkiori, akamwita ofisini.

"Mgeni ni kipofu, ingawa ana macho. Ng'ambo ya kijito ni ukoo mmoja, huku ni mwingine, na hao ndio waliopigana. Umewapanga watoto kama baba zao walivyojipanga. Wazazi wamelalamika. Nimewaita Jumatatu wajionee. Wasiporidhika, mchezo umekwisha."

Honoratha alitoka ofisini. Kisha akapanda bodaboda hadi karakana ya Mogesi, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akaomba msamaha bila kuanza na neno "lakini".

"Nimekosa. Ningeuliza kwanza."

Mogesi aliweka randa chini. "Hukujua?"

"Ningejuaje? Si ungeniambia!"

"Ningefungua mdomo ningelia, Honoratha. Mbele ya watoto."

Honoratha akamshika mkono uliojaa vumbi la mbao. Walizungumza mpaka chai ikapoa, na alipoondoka, Mogesi ndiye aliyeendesha pikipiki, pinde zilikuwa nyuma, na yeye katikati.

Jumatatu wazazi walijaa. Mama Robi, mamake Mogesi na mjane wa ukoo wa huku, alikuja na mwanawe akakaa mbele na sweta lake la zambarau, mikono kaikunja.

"Shikamoo, mama," Honoratha alimwamkia.

"Marahaba." Basi.

Safari hii kila upinde ulikuwa na wanafunzi wawili, mmoja wa ng'ambo na mmoja wa huku. Mmoja analenga, mwenzake anaenda kuokota mishale, kisha wanabadilishana. Alama ni za wote wawili. Nora wa ng'ambo akavuta, akatulia, akaachia. Katikati! Mwenzake wa huku, Imelda, akamrukia shingoni.

Mama Robi akasimama. Aliuomba ule mshale, akabonyeza mpira wa kichwani kwa kidole gumba, muda mrefu.

"Wewe ni wa ng'ambo?"

"Ndiyo, bibi," Nora alijibu.

Mama Robi akamrudishia mshale. "Hebu piga tena. Sikuona vizuri."

Makofi yakapasuka. Honoratha alijaa fahari hadi filimbi ikamshinda kupuliza. Mogesi akamsogelea.

"Mama aliuliza jana, kwenu Rombo mnapokea ng'ombe wangapi?"

"Kwani mama ndiye anayeoa?"

"Mama anauliza. Mimi naomba."

"Basi njooni na mbege, pombe yetu ya ndizi, mengine mtayasikia huko. Na ulete upinde mmoja, baba aone kazi ya mkwe wake."

"Upinde? Nitamwambiaje mama?"

"Mgeukie umuulize."

Mogesi akageuka. Mama Robi alikuwa amevua sweta, upinde mkononi, Nora akimwelekeza pa kuweka miguu.

"Mwache kwanza," Mogesi alisema. "Analenga."