Nilimtangazia Halbadiri Rubani Mwenzangu

Ilikuwa Jumanne, saa tatu na robo asubuhi, Kapteni aliponiambia niteremke kwenye ndege.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na tisa, mzaliwa wa Ndagoni, Mafia. Nimemaliza kidato cha nne. Si msemaji. Mbele za watu ulimi wangu hufungika kabisa, ndiyo maana haya nawaandikia...

Mwaka jana mimi na Nasra tulichaguliwa kwenda bara kujifunza urubani. Nasra si mtu baki. Tumelala kitanda kimoja, tumetiwa unyagoni pamoja! Kapteni, mzee mkali wa maneno machache, alikuwa akifundisha marubani wa kupeleka dawa kwenye vijiji vya milimani, kule ambako mvua ikinyesha barabara hukatika. Sisi tulikuwa wawili, na nafasi ya kazi ilikuwa moja.

Jamani, kutua mlimani si kama kutua kwetu Kilindoni! Kiwanja ni kipande cha majani kilichoinuka kama paa la nyumba, na mwisho wake ni mlima. Kwanza unazunguka juu, uone kama ng'ombe wameondolewa. Kisha unaingia bondeni, na ukishaingia hakuna kugeuza. Tena kiwanja chenyewe hudanganya macho. Unajiona uko juu mno, unashusha pua... kumbe unaelekea kugonga ukingo! Sisi tuliozoea bahari iliyonyooka ndio tuliodanganyika zaidi. Mimi nilijifunza kutoyaamini macho yangu. Nasra alishindwa. Kila akishuka nilimpigia kelele kutoka kiti cha nyuma, "Juu, shoga! Juu!"

Kapteni akatamka wazi kwamba wa kwanza kutua kule peke yake nitakuwa mimi.

Ndipo ikaja hiyo Jumanne. Aliniuliza kama ni kweli nina kifafa.

Kifafa! Nilipokuwa na miaka kumi na tatu, siku ya arobaini ya baba yangu, nilizimia. Mara moja tu maishani! Bibi akasema ni pepo, nikapelekwa kijiji cha Bweni kupungwa. Aliyenishika mkono ngomani siku nzima ni Nasra. Huko milimani nani mwingine alijua?

Kapteni akasema sitarusha ndege mpaka daktari aandike kwamba mimi ni mzima. Si ningejibu tu, "Naenda sasa hivi"? Lakini ulimi ukafungika... Nilimtazama Nasra. Alikuwa anafuta kioo cha ndege, palepale palipokuwa safi tayari. Nikafunga mzigo wangu nikarudi Mafia, kama kwamba ugonjwa ninao kweli!

Nyumbani nililala na chuki, nikaamka nayo. Kwenye shamba la mwani nakutana na mama yake Nasra, anawaambia wenzake, "Mwanangu siku hizi anaruka kama kipanga!" Shikamoo yangu ilitoka kwa shida, wala sikungoja marahaba.

Nikapeleka ubani kwa maalim, nikamwomba amsomee Nasra Halbadiri. Watu wa pwani mnaujua uzito wa kisomo hicho cha kumwapiza aliyedhulumu. Kwetu hutangazwa kwanza, ili mwenye kosa apate nafasi ya kukiri. Maalim aliniuliza, "Umeshamuuliza mwenyewe, binti yangu?" Nikasema hakuna haja. Basi ikatangazwa kwamba kitasomwa Ijumaa.

Jina halikutajwa, lakini mama yake Nasra alielewa, akamwambia mwanawe. Alhamisi mchana simu ikaita. Nasra, analia!

"Shoga, usinifanyie hivyo! Kesho natua mlimani peke yangu, mikono inatetemeka!"

Wallahi nilifurahi! Nilisikia raha ambayo sijawahi kuisikia. Nikamwambia, "Itetemeke. Uliponiita mgonjwa ilitetemeka?"

"Nilisema kidogo tu..."

"Basi kesho ukiwa bondeni, hicho kidogo kikushike!"

Nikakata simu. Mimi, nisiyeweza kusema mbele za watu, siku hiyo maneno yalinitoka bila kukwama hata moja!

Alasiri Kapteni mwenyewe akapiga. Nasra alikuwa amemkiria kila kitu, uongo wake na simu yetu. Nikangoja neno moja tu, rudi...

Akauliza, "Ulijua kwamba kesho anatua mlimani?"

Nilijua.

"Na bado ukamtia hofu?"

Akasema amemwondoa Nasra kwa uongo wake, na nafasi ilikuwa yangu. Ilikuwa! "Siwezi kumpa ndege mtu anayemwombea rubani mwenzake aanguke. Tafuta mwalimu mwingine, binti. Na huyo naye atataka cheti cha daktari."

Wasomaji wenzangu, kisasi changu kilifanikiwa, na ndicho kilichoniteremsha mara ya pili. Wadogo zangu, mkisingiziwa semeni palepale, hata kwa kigugumizi, mbele ya yule anayeweza kuwarudishia haki yenu. Msikimbilie nyumbani kama mimi, mkakaa kupika sumu mtakayoinywa wenyewe!

Asubuhi ya Ijumaa nilikwenda kwa maalim kuchukua ubani wangu, kisomo kisifanyike. Akaniuliza kama nimemsamehe. Nikamjibu hapana, na mpaka leo jibu ni hilohilo. Akatikisa kichwa, akanirudishia.

Kutoka hapo nikapanda bodaboda mpaka hospitali Kilindoni, nikapanga foleni. Nesi akaniuliza naumwa nini.

"Siumwi," nikasema, kwa sauti, watu wote wakageuka. "Nimekuja kupimwa, iandikwe kwamba siumwi."